Daftari la mkojo: jinsi ya kumtunza nyumbani mtoto mwenye ugonjwa wa nefrotiki

Dalili ya kwanza huonekana machoni. Mtoto wa miaka 2 hadi 6 anaamka kope zimevimba, mchana uvimbe unapungua, na wazazi wanapewa dawa ya mzio. Wiki moja baadaye viatu havimwingii, tumbo limejaa, korodani zimevimba kama ni wa kiume, na mkojo una povu linalokaa muda mrefu bila kupotea. Mara nyingi ndipo mtu anapochovya stripu, yaani ukanda wa kupimia mkojo, kwenye mkojo huo kwa mara ya kwanza na kukuta protini 3+ au 4+.

Figo ni chujio. Likiwa zima, albumini, ambayo ndiyo protini kuu ya damu, hubaki kwenye damu. Kwenye ugonjwa wa nefrotiki chujio linaachia, albumini inatoka na mkojo kwa wingi, kiwango chake kwenye damu kinashuka chini ya gramu 30 kwa lita, na maji yanahamia kwenye ngozi na tumboni. Mambo matatu hayo, yaani protini nyingi kwenye mkojo, albumini ndogo kwenye damu na uvimbe, ndiyo yanayoupa ugonjwa jina lake. Kwa watoto wengi, dawa ya prednisoloni huziba uvujaji huo kabisa. Lakini zaidi ya nusu ya watoto ugonjwa huwarudia angalau mara moja, na wengine mara nyingi kwa miaka.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mzazi ni kugundua mapema kwamba ugonjwa umerudi. Mtoto aliyegunduliwa kwa stripu siku ya tatu, kabla hajavimba, anatibiwa nyumbani na anaendelea na shule. Mtoto yuleyule akigunduliwa wiki mbili baadaye kwa tumbo lililojaa maji, yuko kwenye hatari ya maambukizi na damu kuganda, na huenda akalazwa. Tofauti kati ya hao wawili ni stripu ya asubuhi na daftari. Mengi yaliyomo humu ni juu ya vitu hivyo viwili.

Mwongozo huu ni kwa mtoto ambaye daktari ameshathibitisha ugonjwa wake. Kuna magonjwa mengine yanayovimbisha uso. Mtoto aliyekuwa na vidonda vya ngozi au koo wiki chache zilizopita, kisha akavimba na kutoa mkojo mweusi kama chai ya rangi huku presha ikiwa juu, huenda ana uvimbe wa figo unaofuata maambukizi ya bakteria. Huo hautibiwi kwa prednisoloni.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, hushusha kinga. Katika eneo letu la Afrika Mashariki kuna maambukizi yanayolala mwilini bila kujionyesha, na dawa hii huyaamsha. Kwa sababu hiyo, uliza kama yafuatayo yamefanyika: picha ya kifua na maswali kuhusu kifua kikuu nyumbani, kipimo cha VVU, kipimo cha homa ya ini aina ya B, na choo. Kwenye choo anatafutwa mnyoo aitwaye strongiloidesi. Mnyoo huyu anaweza kukaa kwa mtoto miaka bila dalili, na mtoto akianza steroidi anazaliana na kusambaa mwili mzima, jambo linaloweza kuua. Dawa inayomfaa zaidi ni ivermectini, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa mtoto aliyefikisha kilo 15. Albendazoli nayo hutumika, lakini dozi moja ya minyoo ya kawaida haitoshi kwake.

Anayeishi karibu na ziwa au kwenye mabonde ya mpunga apimwe pia kichocho, kwa sababu kichocho cha kibofu huleta damu na protini kidogo kwenye mkojo, na baadaye kitavuruga usomaji wa stripu zako zote.

Kuna watoto ambao daktari atataka kwanza kuchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano ili kichunguzwe: aliye chini ya mwaka 1, aliyevuka miaka 12, mwenye damu ya wazi kwenye mkojo, mwenye presha ya juu isiyoshuka, au mwenye vipele na maumivu ya viungo. Wengine wote huanzishiwa prednisoloni bila kipimo hicho.

Desturi hii ya kuanza dawa bila kipimo hicho ina historia yake. Miaka ya 1960 madaktari wa watoto wa nchi mbalimbali waliunda utafiti wa pamoja, ISKDC, chini ya uongozi wa Henry Barnett wa New York. Waliwapa watoto wote dozi moja inayofanana na kuwafuatilia kwa miaka. Waliona kwamba karibu 4 kati ya 5 waliitikia dawa, yaani mkojo wao ulisafika, na walioitikia karibu wote walikuwa na aina nyepesi ya ugonjwa, ile ambayo figo chini ya hadubini ya kawaida inaonekana nzima. Tangu hapo mwitikio wa dawa wenyewe ndio kipimo. Dozi waliyoichagua ndiyo mtoto wako anayoimeza leo.

Afrika Mashariki ilikuwa na jambo lake. Katika miaka hiyohiyo, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Kibukamusoke na wenzake walionyesha kwamba watoto wengi wenye nefrotiki walikuwa na malaria ya aina ya Plasmodium malariae, na figo za namna ile hazikuitikia steroidi. Imani ikajengeka kwamba prednisoloni haiwasaidii watoto wa Kiafrika. Hali imebadilika sana tangu wakati ule. Viwango vya kuitikia vinatofautiana kati ya sehemu na sehemu, lakini mtoto asinyimwe wiki zake 4 za dawa kwa sababu ya imani hiyo.

Kupima mkojo

Vifaa ni vichache: kikombe cha plastiki kisicho na kazi nyingine, saa yenye sekunde, na chupa ya stripu zinazopima protini. Stripu zenye viraka kumi vya rangi nazo zinafaa, mradi uwe unasoma kiraka cha protini peke yake. Pima hivi:

1. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi. Mtoto akojoe kabla ya kulala, kisha mkojo wa kuamka ndio upimwe. Mkojo wa mchana hudanganya kwa pande mbili: akinywa maji mengi protini inafifishwa, na kuna watoto wakubwa ambao hutoa protini kidogo wakisimama na kukimbia, bila ugonjwa wowote.

2. Toa stripu moja na ufunge chupa papo hapo. Usishike viraka kwa vidole.

3. Chovya viraka vyote kwa sekunde moja, toa, kokota ukingo wa stripu kwenye mdomo wa kikombe ili matone yaanguke, kisha ilaze mlalo. Ukiisimamisha, mkojo wa kiraka kimoja unatiririkia kingine.

4. Soma kwa wakati ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi sekunde 60 kwa protini. Isome penye mwanga wa mchana, ukiiweka kando ya rangi za kwenye chupa yenyewe. Chupa za kampuni tofauti zina rangi tofauti. Usisome stripu ya leo kwa karatasi ya chupa ya zamani.

5. Andika hapohapo.

Kiraka huanza kikiwa njano. Protini ikiwapo hugeuka kijani, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo kijani kinavyokoza. Kwenye stripu nyingi, 1+ ni miligramu 30 kwa desilita, 2+ ni 100, na 3+ ni 300. Utaona kwamba hatua moja ya rangi ni karibu mara tatu ya protini, kwa hiyo kutofautisha 2+ na 3+ kunastahili kutazama mara mbili.

Makosa yanayotokea sana ni haya. Stripu zilizopata unyevu, kwa kuachwa chupa wazi au kuwekwa kwenye friji, huharibika na kutoa jibu lolote. Ziweke mahali pakavu penye kivuli, na usitoe kile kifuko kidogo cha kukaushia kilichomo. Kikombe kilichosuuzwa kwa dawa ya kuua vijidudu au jiki hugeuza kiraka kijani bila protini, kwa sababu rangi ile inalindwa na tindikali iliyomo kwenye kiraka, na kemikali hizo huishinda tindikali. Osha kikombe kwa maji matupu na kikauke. Mkojo wa njano iliyokoza sana, mtoto akiwa ameshinda bila kunywa, unaweza kuonyesha alama ndogo au 1+ ambayo si ugonjwa. Homa nayo hufanya hivyo.

Kwa mtoto ambaye bado anavaa nepi, weka pamba safi ndani ya nepi baada ya kumwosha kwa maji, kisha vuta mkojo kutoka kwenye pamba kwa bomba la sindano lisilo na sindano na udondoshee matone kwenye kiraka. Usikamue nepi ya dukani. Ina chembechembe zinazonyonya mkojo na kuubana.

Stripu zikiisha na duka la dawa liko mbali, kuna njia ya zamani ya kuchemsha, nayo ni ya mtu mzima peke yake. Jaza theluthi mbili za tyubu ya kioo ya maabara kwa mkojo, uishike kwa kibanio kwa mshazari, na uchemshe sehemu ya juu tu, mdomo wa tyubu ukielekea mbali na watu. Sehemu iliyochemka ikigeuka maziwa, dondosha matone matatu hadi matano ya siki nyeupe na uchemshe tena. Weupe ukitoweka, ilikuwa chumvichumvi ya mkojo. Ukibaki, ni protini. Njia hii haikupi namba nzuri, ila inatosha kukuambia "hakuna" au "nyingi" hadi upate stripu.

Pima kila siku tangu siku ya kwanza ya dawa. Mkojo ukishakuwa safi na dawa imekwisha, miongozo ya kimataifa inaruhusu angalau mara mbili kwa wiki. Tunapendelea kila asubuhi kwa mwaka wa kwanza kama stripu zinapatikana, kwa sababu jambo la kila siku halisahauliki kama la Jumatatu na Alhamisi. Akipata mafua, homa au kuharisha, rudi kwenye kila siku bila kujadili.

Kuandika

Daftari la kawaida la kurasa 80 linatosha. Piga mistari upate safu tano: tarehe, mkojo, uzito, dozi ya prednisoloni, na mengineyo. Ukurasa wa mtoto asiyekuwa kwenye dawa unaweza kusomeka hivi:

Jumatatu: hakuna, kilo 16.2, hakuna dawa, mafua yameanza
Jumanne: 1+, 16.2; hakuna dawa; homa 38.2
Jumatano: 3+, 16.3, hakuna dawa, homa imeshuka
Alhamisi: 3+, 16.5, hakuna dawa
Ijumaa: 3+, 16.7, nimempigia daktari, 40 mg saa 2 asubuhi

Tazama safu ya uzito. Nusu kilo imeongezeka ndani ya siku nne, na jicho bado halijaona uvimbe wowote. Pima uzito kwa mizani ileile, asubuhi baada ya kukojoa, mtoto akiwa na nguo ya ndani tu.

Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa andika: jina la ugonjwa, tarehe ulipogunduliwa, urefu na uzito wa mtoto akiwa hajavimba, dozi ya sasa, na simu ya kliniki. Muuguzi wa zamu ya usiku asiyemjua mtoto wako atasoma ukurasa huo kabla ya faili. Kama mtoto analala bweni, nakala ya ukurasa huo ikae kwa matroni pamoja na dawa.

Hesabu ya dozi

Daktari ndiye anayeandika dozi, lakini mzazi anayejua hesabu hukamata makosa ya kuandika na ya duka la dawa. Prednisoloni ya mwanzo ni miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku, isizidi 60 kwa jumla, kwa wiki 4. Kisha miligramu 40 kwa kila mita ya mraba, isizidi 40, siku moja anakunywa na siku ya pili hanywi, kwa wiki 4 nyingine. Baadhi ya kliniki hutumia wiki 6 na 6.

Eneo la mwili linapatikana hivi: zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawa kwa 3600, kisha tafuta kipeuo cha pili kwa kikokotoo cha simu. Mtoto wa sentimita 100 na kilo 16 anakuwa na 1600 gawa kwa 3600, yaani 0.444, ambayo kipeuo chake cha pili ni 0.667. Mara 60 ni miligramu 40, vidonge 8 vya miligramu 5. Awamu ya pili, mara 40 ni 26.7, ambayo hupunguzwa hadi 25, vidonge 5. Kozi nzima inahitaji vidonge 224 vya wiki 4 za kwanza na 70 vya wiki 4 za pili, jumla 294. Nunua pamoja na akiba ya wiki mbili, maana kukatika kwa dawa ndiko kunakoharibu kozi nyingi.

Kanuni nyepesi ya miligramu 2 kwa kilo inatumika pia. Kwa mtoto huyuhuyu ingetoa 32. Mtoto mdogo hupata pungufu akipigiwa hesabu kwa kilo, na ndiyo sababu tunapenda hesabu ya eneo. Uzito unaotumika ni wa kabla ya kuvimba. Ukitumia kilo 19 za siku alipojaa maji, unampigia hesabu maji.

Vidonge vyote anavimeza mara moja asubuhi, akiwa ameshakula uji au chai na kitafunwa. Asubuhi ndipo mwili wenyewe hutoa homoni ya aina hii, na dozi ya jioni humnyima usingizi. Vidonge ni vichungu. Visage kati ya vijiko viwili na uchanganye na asali au ndizi iliyopondwa, kiasi cha kijiko kimoja, si kikombe kizima ambacho hatakimaliza. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Akitapika na hiyo pia, nenda hospitali.

Usiache prednisoloni ghafla, hata mkojo ukiwa safi. Baada ya wiki kadhaa za dawa, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni yao, na zinahitaji muda kuamka. Mtoto aliyekatishwa dawa, au anayeitapika, anaweza kulegea, kushuka sukari na kuzimia. Akipata ajali au akihitaji upasuaji, neno la kwanza kwa kila mhudumu liwe kwamba anatumia, au alitumia hivi karibuni, steroidi.

Wengi wa watakaoitikia husafika mkojo ndani ya wiki mbili. Wiki 4 zikiisha na protini bado ipo, usiongeze dozi mwenyewe. Kwanza kliniki itahakikisha kwamba dawa ilimezwa kweli na kwamba hakuna maambukizi yaliyojificha, kama jino bovu au njia ya mkojo, halafu ndipo litazungumzwa suala la figo kutoitikia.

Ugonjwa ukirudi

Kipimo cha kurudi ni 3+ au zaidi kwa siku 3 mfululizo, akiwa amevimba au la. Kipimo cha kutulia ni "hakuna" au alama ndogo kabisa kwa siku 3 mfululizo. Siku tatu zina sababu: mafua na homa huleta protini ya muda inayopita yenyewe, na mtoto aliyepewa dawa siku ya kwanza amepewa sumu asiyoihitaji. Lakini akivimba kabla ya siku tatu kutimia, usingoje.

Matibabu ya kurudi ni miligramu 60 kwa mita ya mraba kila siku mpaka mkojo uwe safi siku 3 mfululizo, kisha 40 kwa siku za kupishana kwa wiki 4. Kama mkojo umesafika siku ya 8, ya 9 na ya 10, basi kupishana kunaanza siku ya 11. Hapa ndipo daftari linapopunguza dawa mwilini: bila kumbukumbu, mtoto hupewa wiki nzima za ziada "kwa usalama", na nyongeza hizo ndizo zinazomfupisha kimo, kupandisha presha na kutia ukungu kwenye mboni ya jicho.

Ugonjwa ukirudi mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6 ya mwanzo, au kila dozi inapopunguzwa, muulize daktari kuhusu dawa za kupunguza steroidi. Kuna levamisoli, mikofenolati, siklofosfamidi, takrolimasi na rituksimabu. Kila moja ina gharama na vipimo vyake. Siklofosfamidi, kwa mfano, hutolewa kwa wiki 8 hadi 12 tu, damu ikipimwa mara kwa mara kwa sababu inashusha chembe nyeupe, na hairudiwirudiwi kwa kuwa inaweza kudhuru uzazi. Mazungumzo haya yafanyike mapema, kabla mtoto hajabadilika sura na kimo.

Kuhusu sura: uso wa mviringo wa prednisoloni si uvimbe wa ugonjwa. Bonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde 10. Likibaki shimo ni maji. Lisipobaki na stripu ni safi, ni dawa, nayo huondoka taratibu baada ya kozi.

Chakula

Mtoto hahitaji mayai manne kwa siku wala supu ya mifupa ili kurudisha protini inayotoka. Protini ya ziada hupitia tundu lilelile. Mpe kiasi cha kawaida cha umri wake: maharage, samaki, yai, maziwa kama familia inavyokula.

Chumvi ndiyo ya kudhibiti wakati amevimba na wakati yuko kwenye dozi kubwa. Pika chungu kimoja bila chumvi, mpakulie, kisha watie wengine chumvi. Chumvi iliyojificha iko kwenye mchuzi wa vipande, ng'onda na dagaa waliokaushwa kwa chumvi, tambi za pakiti, krisps, soseji na mkate. Ladha itoke kwenye ndimu, tangawizi, vitunguu na nyanya. Maji anakunywa kwa kiu yake, isipokuwa daktari ameweka kikomo. Prednisoloni huleta njaa kali. Usimkemee kwa kula, bali jaza nyumba matunda na mboga badala ya maandazi.

Asilazwe kitandani. Damu ya mtoto mwenye nefrotiki huganda kirahisi, na kulala siku nzima huongeza hatari hiyo. Acheze.

Kwa homa au maumivu tumia parasetamoli, miligramu 15 kwa kilo, kila saa 6. Ibuprofeni na diklofenaki ziachwe, zinapunguza damu inayofika kwenye figo. Dawa za mizizi na za chupa zisizojulikana vilivyomo zisitumike kabisa. Na furosemidi, kidonge cha kukojoza maji, isitolewe nyumbani kwa mtoto aliyevimba bila daktari kumwona. Maji yale yako kwenye ngozi, huku mishipa yenyewe inaweza kuwa imepungukiwa, na kumkojoza kunaweza kumtia kwenye mshtuko.

Siku ya kwenda hospitali bila kungoja

Maumivu ya tumbo pamoja na homa au kutapika, kwa mtoto aliyevimba, ni dharura. Bakteria hukua kwenye maji ya tumboni, na prednisoloni huweza kuficha homa na ukali wa maumivu, kwa hiyo tumbo linalouma kiasi lisidharauliwe. Dharura nyingine ni mikono na miguu ya baridi na mkojo kupungua sana, ngozi nyekundu yenye joto na maumivu, mguu mmoja kuvimba zaidi ya mwingine, kupumua kwa shida, degedege, maumivu makali ya kichwa, na damu kwenye mkojo pamoja na maumivu ya ubavu. Kabla ya antibiotiki, zaidi ya nusu ya watoto wenye ugonjwa huu walikufa, na wengi waliuawa na maambukizi, si na figo.

Surua na tetekuwanga ni kesi ya peke yake. Mtoto aliye kwenye dozi kubwa akicheza na aliyeugua tetekuwanga, piga simu siku hiyohiyo, kwa sababu kinga ya dharura ina muda maalumu wa kutolewa na kila siku inayopita inaipunguzia nguvu. Chanjo za vijidudu hai, mojawapo ya surua na rubela inayotolewa miezi 9 na 18, hazitolewi akiwa kwenye dozi kubwa. Huahirishwa hadi mwezi mmoja hivi baada ya kozi. Chanjo ya nimokoko si hai, ihakikishwe imekamilika. Ndugu zake wote wachanjwe kwa ratiba.

Utafiti unakuhusu vipi

Mambo mawili ambayo wazazi hutuuliza yamejibiwa na majaribio ya madaktari watafiti. La kwanza ni kama kozi ndefu zaidi ya mwanzo inazuia ugonjwa kurudi. Uingereza, jaribio la PREDNOS lilifuatilia watoto 237, nusu wiki 8, nusu wiki 16. Matokeo ya 2019 hayakuonyesha kozi ndefu kuchelewesha kurudi, na majaribio ya Uholanzi, India na Japani yalikuwa yameshaelekea hukohuko. La pili ni kumwongezea prednisoloni kila anapopata mafua. Majaribio madogo ya Sri Lanka yalitia moyo, kisha PREDNOS 2 ikajaribu miligramu 15 kwa mita ya mraba kwa siku 6 tangu mafua yaanze, na haikupunguza kurudi kwa ugonjwa. Kwa hiyo mafua yakija, ongeza stripu, si vidonge.

Chanzo cha ugonjwa nacho kinaanza kuonekana. Mwaka 1998 kundi la Karl Tryggvason lilipata jeni ya nefrini, protini ya kwenye kichujio, kwa kuwachunguza watoto wa Kifini wanaozaliwa na ugonjwa huu. Mwaka 2024 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba watoto 94 kati ya 182 wenye nefrotiki walikuwa na kingamwili zinazoishambulia nefrini hiyohiyo, na kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umewaka na hawajaanza dawa ilikuwa karibu 9 kati ya 10. Kwa mtoto asiyeitikia steroidi kipimo cha jeni nacho kina faida ya haraka: takriban theluthi moja wana hitilafu ya jeni moja, na kwao kuendelea kuwapa dawa kali za kushusha kinga ni kuwatesa bure.

Ukiombwa mtoto wako ashiriki utafiti, omba kuona kibali cha kamati ya maadili. Tanzania, kibali cha kitaifa hutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kenya, mtafiti awe na kibali cha kamati iliyoidhinishwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Kisha uliza haya: damu na mkojo vitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, vitasafirishwa nje au la, majibu ya jeni utaambiwa au hutaambiwa, nani atalipia matibabu akipata madhara ya dawa ya majaribio, na dawa ikimfaa, ataendelea kuipata baada ya utafiti kufungwa? Kukataa hakumwondolei mtoto huduma yake ya kawaida, na ukishakubali unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Mtoto anayeelewa naye aulizwe, kwa maneno yake, na akisema hapana kwa sindano ya ziada isiyo ya matibabu yake, hapana yake iheshimiwe.